Umetoka Java, umeingia Haskell, umekwama: pa kuangalia kwanza

Ukiandika Java au C# kwa miaka kadhaa, mikono hujua kazi kuliko akili. Unafungua faili, unaunda klasi, unaipa mahali pa kuweka data, unaandika metodi za kuibadilisha data hiyo, na yote hayo unayafanya huku ukiwaza jambo jingine. Kisha unajaribu Haskell, OCaml, Clojure au Elixir, lugha za uprogramu wa kifankisheni, ambamo programu hujengwa kwa fankisheni badala ya klasi, na mikono ile ile iliyokuwa ikikubeba ndiyo inayokuponza. Mimi Haskell niliiacha mara mbili kabla haijaniingia, na mara zote mbili nilidhani kinachonishinda ni hesabu. Haikuwa hesabu. Nilikuwa naandika Java kwa sarufi ya watu wengine.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta unachokiona kwenye skrini yako, angalia chanzo, rekebisha. Mifano mingi ni ya Haskell kwa sababu ndiyo isiyosamehe, michache ni ya Elixir. Si lazima usome kwa mpangilio, ila ukiwa na dalili tatu kwa mpigo anza na hii ya kwanza, maana nyingine nyingi ni watoto wake.

## Nimebadilisha thamani, lakini haijabadilika

Unataka jumla ya bei zilizo kwenye orodha. Kwa Elixir unaandika:

```
jumla = 0
Enum.each(bei, fn b -> jumla = jumla + b end)
IO.puts(jumla)
```

Inachapisha 0. Kompaila ilinung'unika kwamba `jumla` ya ndani haitumiki, ukaipuuza, kwa kuwa wewe unaiona kwa macho yako ikitumika.

Chanzo ni alama ya `=`. Hapa haitii kitu kipya kwenye sanduku la zamani. Inatoa jina tu. `jumla` iliyo ndani ya fankisheni ni jina jipya linalozaliwa humo na kufia humo. Ile ya nje haijaguswa, na hakuna namna ya kuigusa kutoka humo ndani. Kiswahili nacho kinatutega, maana kitu hiki tumezoea kukiita kibadilika, na katika lugha hizi hakibadiliki. Kiite jina, utapona haraka zaidi.

Sura nyingine ya ugonjwa huo huo:

```
Map.put(kitabu, :hali, :kimeazimwa)
IO.inspect(kitabu)
```

Kitabu kinatoka kama kilivyoingia. `Map.put` haikukigusa; imekupa kitabu kingine, nawe umekitupa. Pokea unachopewa: `kitabu = Map.put(kitabu, :hali, :kimeazimwa)`. Elixir inakuruhusu kulitumia tena jina lile lile. Erlang, ambayo mashine yake ndiyo inayoibeba Elixir, haikuruhusu: utapata kosa la `no match of right hand side value`. Kwa anayejifunza, mimi naupenda ukali huo.

Jumla nayo unaipata kwa `Enum.sum(bei)`, au kwa njia ndefu inayoonyesha kinachotokea:

```
Enum.reduce(bei, 0, fn b, jumla -> jumla + b end)
```

Hapa jumla inapokezanwa mkono kwa mkono. Kila hatua inapewa jumla iliyopo na kutoa nyingine, na hakuna hatua inayorudi nyuma kufuta kilichoandikwa. Ukiwa kwenye Java swali lako la kwanza huwa ni "data hii anaishika nani?" Huku swali ni "kutokana na hiki, ninapata nini?" Kipimo ninachokitumia hadi leo: mstari wowote ambao jibu lake halitumiwi na mstari mwingine, na hauchapishi wala hauandiki popote, una kasoro.

## Sijui lupu niiweke wapi

Haskell haina `while`, na unahisi umenyang'anywa jembe. Lakini itazame vizuri lupu yako ya zamani. Mara nyingi inafanya kazi tatu ndani ya mabano yale yale: inachuja, inageuza, inajumlisha. Iandike kwa maneno ya kawaida kwanza. "Chukua vitabu vilivyochelewa kurudishwa, tafuta faini ya kila kimoja, jumlisha." Sasa soma hii kuanzia kulia:

```
jumlaYaFaini vitabu = sum (map fainiYa (filter kimechelewa vitabu))
```

Kinachochuja ni `filter`. Kinachogeuza kila kimoja ni `map`. Kinachofanya vingi kuwa kimoja ni `sum`, na ikikosekana ya namna hiyo iliyo tayari, ni `foldr` au `foldl'`. Kama umewahi kutumia Streams za Java 8, iliyotoka mwaka 2014, au LINQ ya C#, kazi hii umeshaifanya bila kujua jina lake.

Fankisheni inayojiita yenyewe iwe njia ya mwisho. Wengi husikia kwamba uprogramu wa aina hii ni rikasheni, basi wanaandika rikasheni kila mahali, na wanachopata ni lupu ile ile iliyobadilisha nguo.

## Kompaila inalalamikia mstari ambao sikuukosea

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uliyezoea kompaila ya Java unatarajia kosa lionekane pale lilipofanyika. Kwenye Haskell na OCaml, aina za data hukisiwa. Mbinu hii ya kukisia, ambayo Robin Milner aliiingiza katika lugha ya ML kule Edinburgh miaka ya 1970, hutembea ndani ya programu yako ikikusanya ushahidi: hiki kimejumlishwa, basi ni namba, kile kimepewa fankisheni hii, basi ni kitabu. Ukiidanganya mahali pamoja, ushahidi wa uongo unabebwa hadi unapogongana na wa kweli, na mlio unasikika pale palipogongana. Wewe ulikosea mistari ishirini juu.

Tiba ya kudumu ni kuandika tamko la aina kwa kila fankisheni kabla hujaandika mwili wake. Kila tamko ni ukuta: kosa likitokea chumba hiki halivuki kwenda kingine. Kisha, pale usipojua uweke nini, weka mstari wa chini na uache kompaila ikuambie:

```
jumlaYaFaini :: [Kitabu] -> Int
jumlaYaFaini vitabu = sum (map _ vitabu)
```

GHC, kompaila ya Haskell, itakujibu kwamba kwenye tundu hilo inahitaji kitu cha aina `Kitabu -> Int`. Hapo unajua unatafuta nini. Siku nilipogundua mchezo huu niliacha kuiona kompaila kama askari wa zamu.

Makosa yenyewe, ukiyachambua, ni machache na yanajirudia.

La kwanza ni hoja iliyosahaulika. Fankisheni inataka hoja mbili, umeipa moja. Java ingekataa hapo hapo. Haskell inaona sawa tu: ulichokitoa ni fankisheni inayosubiri hoja ya pili, na hiyo ni thamani halali kama nyingine. Ugomvi unaanza ukitaka kuichapisha, na ujumbe utakuwa kama `No instance for (Show (Int -> Int))`. Ukiona mshale `->` mahali ulipotarajia namba au stringi, acha kila kitu, hesabu hoja zako.

La pili ni mabano. `faini(kitabu, 14)` haipeleki hoja mbili. Inapeleka jozi moja yenye vitu viwili. Andika `faini kitabu 14`. Kwa upande mwingine, `kokotoa x + 1` inasomwa `(kokotoa x) + 1`, na `kokotoa -3` inasomwa kama kutoa. Namba hasi ifungie kwenye mabano.

La tatu ni `if` isiyo na `else`. Huku `if` si amri, ni usemi unaotoa thamani, sasa isipotimia itoe nini? Haskell inakataa moja kwa moja. OCaml inakubali ikiwa tu upande wa `then` hautoi kitu cha maana, ndiyo sababu ujumbe wake unataja `unit` na wewe hukuandika `unit` popote.

Na jambo moja la kitabia: soma kosa la kwanza tu, lirekebishe, endesha tena. Yale mengine kumi na manne huenda ni mwangwi.

## Kila fankisheni yangu imekuwa IO

Ulianza na fankisheni moja inayosoma faili. Iliyoiita ikawa `IO`, alama ya aina inayosema kazi hii inagusa ulimwengu wa nje, iliyomwita huyo nayo ikawa `IO`, sasa programu nzima imeambukizwa, na kila ukijaribu kuitumia stringi unaambiwa `IO String` hailingani na `[Char]`.

Maelezo madogo kwanza: `IO String` si stringi. Ni agizo la kwenda kuileta. Ndani ya `do` unaandika `jina <- getLine`, na hapo `jina` ndiyo stringi yenyewe.

Lakini tatizo hasa ni kwamba umeihamisha metodi ya Java kama ilivyo: inasoma hifadhidata, inaamua, inaandika. Ivunje. Anayesoma awe peke yake, anayeamua peke yake, anayeandika peke yake. Wa katikati hahitaji `IO` hata chembe. Mfano wa kawaida ni tarehe ya leo. Fankisheni ya kukokotoa faini ikiiuliza saa ya kompyuta ndani yake, imeshaambukizwa. Ukiipa tarehe kama hoja, inabaki safi, na majaribio yake unaweza kuyaandika kwa tarehe yoyote unayotaka bila kuidanganya saa. Jambo hili lingefaa hata kwenye Java. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayekulazimisha.

Kisha kuna mtego wa `return`, ulionila jioni nzima:

```
kagua n = do
  if n < 0 then return () else putStrLn "sawa"
  putStrLn "naendelea"
```

Mpe namba hasi. Itachapisha "naendelea". Katika Haskell `return` haitoki kwenye fankisheni. Inafunga tu thamani ndani ya `IO`, na mstari unaofuata unaendelea kama kawaida. Ukitaka kuacha, kazi yote iliyobaki iweke upande wa `else`. Na badala ya `return` andika `pure`. Zinafanya jambo lile lile, ila `pure` haikuletei kumbukumbu za zamani.

Kuhusu monadi: usianze kwa kutafuta mfano wa kuifananisha nayo. Nimesoma ikifananishwa na masanduku na mabomba, na kila mfano ulinisaidia dakika kumi kisha ukanipoteza wiki. Tumia `IO`, `Maybe` (thamani inayoweza kukosekana) na `Either` (jibu au kosa) mwezi mzima. Siku moja utaona zinaunganishwa kwa namna moja, na huo mfanano ndio uliopewa jina.

## Nimejikuta naunda klasi tena

Programu inafanya kazi, lakini ukiitazama kwa mbali ni Java. Kuna moduli iitwayo MenejaWaVitabu. Kuna klasi za aina (`class` ya Haskell, inayofanana na interfesi) zenye mtekelezaji mmoja tu. Na kuna rekodi kama hii:

```
data Kitabu = Kitabu
  { mwazimaji       :: Maybe Mwanachama
  , tareheYaKuazima :: Maybe Tarehe
  , kimepotea       :: Bool }
```

Hii ndiyo klasi ya zamani yenye `null` zake, isipokuwa `null` sasa zina kibali. Tony Hoare, aliyeiingiza `null` katika ALGOL W mwaka 1965, mwaka 2009 alikiri hadharani kwamba lilikuwa kosa la dola bilioni. `Maybe` inatibu nusu ya kosa hilo kwa kukulazimisha ukague. Nusu ya pili ni juu yako, kwa sababu rekodi hiyo inaruhusu kitabu chenye tarehe ya kuazimwa lakini hakina mwazimaji, na kingine kilichopotea huku bado kimeazimwa. Vitabu vya namna hiyo havipo, ila programu yako inavikubali, kwa hiyo kila fankisheni itajaa ukaguzi wa mambo yasiyowezekana. Andika hivi:

```
data Hali
  = Kipo
  | Kimeazimwa Mwanachama Tarehe
  | Kimepotea Tarehe
```

Sasa tarehe ya kuazimwa haiwezi kuwepo bila mwazimaji, kwa kuwa hakuna mahali pa kuiandika. Washa `-Wall`, na kompaila itakuonya kila ukisahau hali mojawapo. Bila `-Wall` haikuonyi, na hilo nalo hupoteza watu.

Hata hivyo, si kila hamu ya kurudi kwenye klasi ni ugonjwa. Kuna mvutano wa kweli hapa, ambao Philip Wadler aliupa jina la tatizo la usemi mwaka 1998. Ukipanga kwa `data`, kuongeza fankisheni mpya ni rahisi, lakini ukiongeza hali mpya itabidi uguse kila fankisheni. Ukipanga kwa klasi na interfesi ni kinyume chake: aina mpya inaingia bila kumgusa mtu, ila ukiongeza metodi mpya unazunguka klasi zote. Kwa hiyo jiulize kipi kitaongezeka. Hali za kitabu ni chache na zinajulikana, tumia `data`. Programu inayopokea viongezo vilivyoandikwa na watu usiowajua inahitaji kitu kinachofanana na interfesi, na hapo hisia zako za zamani ziko sahihi. Klasi ya aina yenye mtekelezaji mmoja, lakini, ifute.

## Jibu ni sahihi, ila programu inatambaa au inakula memori

Mshukiwa wa kwanza ni orodha. Orodha ya Haskell si ArrayList, ni mnyororo. `orodha !! 5000` inapita pingili elfu tano kabla ya kufika. `length` inatembea mnyororo wote. Na `xs ++ [x]` ndani ya rikasheni inanakili mnyororo mzima kila mara, hivyo data ikiongezeka mara kumi, kazi inaongezeka karibu mara mia. Ongeza mbele kwa `:` kisha geuza mara moja mwishoni, au tumia `Data.Map`, `Data.Sequence` au vekta.

Hofu ya kwamba kutobadilisha data maana yake ni kuinakili yote, iache. Vekta ya Clojure ni mti ambao kila tawi lina nafasi 32. Vitu milioni moja vinaenea katika ngazi nne. Ukibadilisha kimoja, zinanakiliwa pingili chache za njiani na mti uliobaki unatumiwa na wote wawili, wa zamani na mpya.

Mshukiwa wa pili ni uvivu wa Haskell, yaani kutokokotoa kitu hadi kihitajike. `foldl (+) 0` juu ya orodha ya mamilioni inaweza kurundika ahadi za kujumlisha bila kujumlisha, hadi memori ijae. Kompaila ikiwa na `-O`, swichi ya kuongeza kasi, mara nyingi inakuokoa. Ndani ya GHCi, ambako unaandika na kujibiwa papo hapo, haikuokoi. Tumia `foldl'`. Kuanzia GHC 9.10 iko kwenye Prelude, maktaba inayoingia yenyewe. Kabla ya hapo ilete kutoka `Data.List`.

Wa tatu yuko kwenye JVM, mashine inayoendesha Java, Clojure na Scala: steki inafurika ingawa ulijiita mwishoni kabisa mwa fankisheni. JVM haikufanyii hisani ya kuugeuza wito wa mwisho kuwa lupu. Clojure inataka useme `recur`. Scala ina `@tailrec`, inayokataa kukompaili ikiwa wito wako si wa mwisho kweli.

## Siwezi kuchungulia ndani

`Debug.Trace` ya Haskell inachapisha bila kukulazimisha kuingiza `IO`. Mpangilio wa machapisho utakushangaza. Huo ndio mpangilio wa ukokotoaji wenyewe, usiuwinde kama kosa. Kwa sehemu kubwa, hata hivyo, fankisheni safi huhitaji tu kuitwa kwenye GHCi na hoja unazozitilia shaka.

## Nilichoandika jana, leo sikisomi

Umeanza kunogewa na nukta (`.`, kiunganishi cha fankisheni cha Haskell), ukaunganisha fankisheni saba kwenye mstari mmoja usiotaja hoja hata moja. Uvunje, kila kipande kipe jina chini ya `where`.

## Miezi mitatu, na bado naandika Java

Uko kwenye Scala au Kotlin, sivyo? Humo mlango wa zamani, wa klasi na `var`, uko wazi, na ukichoka unapitia huo huo. Piga marufuku `var` na `null` kwenye mradi wako, au hamia kwa muda kwenye lugha isiyo na mlango huo. Elm inafaa, na makosa yake yameandikwa kwa upole.

## Wenzangu kazini wameanza kulalamika

Hii huja baadaye, ukishaanza kufaulu. Umerudi kwenye Java ya ofisini, umejaza `final` kila mahali, sehemu zote za klasi ni `Optional`, na umeandika `Either` yako mwenyewe yenye mistari mia tatu. Anayepitia kazi yako anauliza hiki ni nini.

Wana haki. `Optional` ilikusudiwa hasa kuwa jibu la metodi isiyo na cha kurudisha, wala si mahali pa kuhifadhia data. Java yenyewe imeshasogea: `record` iliingia rasmi na Java 16 na `sealed` na Java 17, zote mwaka 2021, na `switch` inayotambua aina ikaja na Java 21 mwaka 2023. Kwa hizo tatu unaweza kuiandika `Hali` ya kitabu kama interfesi iliyofungwa yenye rekodi tatu, na kompaila ikakataa ukisahau mojawapo. Peleka hiyo moja, yenye mistari kumi na kitu, na hakuna atakayehitaji kuelezwa. Ile `Either` ya mistari mia tatu iache nyumbani.